Mume wangu ana chale kifuani, binti yangu hataki kusikia habari ya tatuu ya mgombea

Shikamoo Mama,

Naandika kutoka Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Nina miaka 40. Nilizaliwa Uvira, Kongo, vita vya 1996 vikatuvusha Ziwa Tanganyika, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Huku tumefika 2014, mume wangu, mimi na watoto. Uraia tuliupata 2020, na mwaka huohuo nilipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nililia kwenye foleni. Tangu siku hiyo nawasaidia kina mama wa kwaya yetu kuelewa karatasi za kura, kwa sababu Kiingereza changu kina nafuu kidogo, na mimi na mume wangu tumejiandikisha chama cha Democratic.

Mwaka huu mume wangu amepata mwanasiasa wa kumpenda. Anaitwa Graham Platner, mfuga chaza kutoka kijiji cha Sullivan. Anaomba tiketi ya chama ili apambane na Seneta Susan Collins wa Republican, aliyekalia kiti hicho tangu 1997. Platner alipigana Iraq na Afghanistan, na husema hadharani kwamba vita vilimvuruga. Mume wangu alikwenda kumsikiliza jioni moja baada ya zamu kiwandani. Alirudi, hata koti hajavua, akaniambia: "Huyu anajua maana ya mwili kurudi nyumbani na kichwa kubaki vitani." Tangu siku hiyo anagawa vikaratasi vyake kila Jumamosi. Wana umri mmoja, miaka 41.

Oktoba mambo yakageuka. Kwanza yalifukuliwa maneno aliyoyaandika zamani kwenye Reddit, mtandao wa majadiliano. Mengine yalikuwa matusi kwa polisi, na pengine aliuliza kwa nini watu weusi hawaachi bakshishi. Binti yetu mkubwa ana miaka 20, yuko chuo, na wikiendi anahudumia meza mkahawani. Hilo la bakshishi lilimchoma. Platner akaomba radhi. Kabla hilo halijapoa ikaja habari ya tatuu. Ana fuvu na mifupa kifuani, alilochorwa 2007 mjini Split, Kroatia, akiwa askari wa Marine kwenye mapumziko, wamelewa yeye na wenzake. Fuvu hilo linafanana na lile la SS, kikosi cha wauaji cha Hitler. Yeye anasema hakujua maana yake kwa miaka yote hiyo 18. Mtu aliyemfahamu zamani amewaambia waandishi wa habari kwamba alikuwa akiliita kwa jina lake la Kijerumani. Yeye anakana. Ndani ya siku chache alilifunika kwa mchoro mwingine.

Jumapili moja tulikuwa mezani, ugali na sombe (kisamvu), binti yangu akamwambia baba yake: "Mtu aliyevaa alama ya wauaji kifuani miaka kumi na minane hawezi kuniambia hakujua. Na anayemtetea ana yake moyoni." Anahama chama, akasema, na atawaambia vijana wenzake wote wafanye hivyo. Mume wangu hakujibu. Aliweka tonge sahanini, akainuka, akatoka nje kwenye baridi bila viatu vya maana.

Mama, hapa ndipo penye mzigo wangu. Mume wangu ana chale kifuani na kwenye mabega. Watoto tumewaambia ni dawa ya ugonjwa alioupata utotoni. Si kweli. Alikuwa na miaka 14, mwaka 1998, Mai-Mai, wapiganaji wa msituni wa kwetu, walipomchukua kijijini kwao milimani Fizi. Wakamchanja, wakampaka dawa, wakamwambia risasi zitageuka maji. Alikaa nao karibu miaka mitatu kabla ya kutoroka kwa mtumbwi kuja Kigoma. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliuawa 1999 njiani na watu wenye chale kama zile. Mume wangu aliniambia yote kabla hajaja kwetu kuposa. Nilikaa wiki tatu bila kuonana naye. Kisha nikamkubali, na sijajuta hata siku moja.

Usiku ule wa sombe, tukiwa kitandani, aliniuliza: "Kama yule hasafishiki, na mimi je?" Nikakosa jibu. Tangu hapo halali vizuri.

Nifanye nini? Nimwambie binti yangu ukweli wa chale, aone kwamba alama ya mwilini haisemi yote? Naogopa nikinyamaza atamdharau baba yake bila kujua anachokidharau. Na kura yangu je? Kuna Gavana Janet Mills naye ameingia kinyang'anyiro, lakini nikimpa yeye nitaona kama nimemsaliti mume wangu. Nikimpa Platner, nitamtazamaje binti yangu? Kina mama wa kwaya nao wananiuliza kila Jumapili. Niliwaambia ana alama ya fuvu, wakacheka. Kwao fuvu ni lile la kwenye transfoma, "HATARI", basi. Sikujua niwaeleze nini zaidi.

Kwenye mahojiano ya wakimbizi sijui mume wangu aliulizwa nini kuhusu Mai-Mai, wala sijawahi kumuuliza.

Mama mwenye wasiwasi, Lewiston, Novemba 2025

*

Marahaba, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili mchana na mara moja usiku. Kabla ya kuichapisha nimebadilisha mambo mawili matatu ili jirani yako akiisoma asiseme "huyu namjua". Utaelewa kwa nini nikifika mbele.

Kwanza nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekisikia sawasawa. Umeniletea swali la kura, lakini ndani yake mna maswali mengine mawili. Moja ni la mume wako, anayejiona amehukumiwa mezani kwake na mtoto aliyemlea. La pili ni la binti yako, ambaye hajui kwamba maneno yale yalimwangukia baba yake. Wewe umesimama katikati na siri mkononi, na kura imegeuka kuwa mahali pa kuonyesha unampenda nani zaidi. Mzigo huo ni mzito mno kwa karatasi ya kura.

Sasa niruhusu nikuulize jambo. Ni nani aliyesema kesi ya Platner na kesi ya mume wako ni kesi moja? Mume wako alisema kwa uchungu, na wewe ukakubali kimyakimya. Zitazame tena. Mume wako alikuwa mtoto wa miaka 14, wakubwa wenye silaha walimshika wakamchanja. Platner alikuwa mtu mzima wa miaka 22 au 23, aliingia kwenye duka la tatuu kwa miguu yake, ingawa miguu yenyewe ilikuwa ya ulevi. Hizo si hali zinazofanana. Kwa hiyo mtu anaweza kumkataa Platner kabisa bila kugusa hata unywele mmoja wa mume wako. Na mtu anaweza kumpenda mume wako kama unavyompenda wewe, akabaki hana uhakika na Platner.

Lakini sitaki kukimbia haraka, maana mume wako ameona kitu cha kweli. Ameona mwanamume wa rika lake aliyetoka vitani, mwenye alama asiyoweza kuitoa, anayeambiwa alama hiyo ndiyo yeye. Usimwambie amekosea kuona hivyo. Ninachokuomba ni uitazame wiki tatu zako. Mlipokuwa wachumba, wewe hukusamehe chale. Ulimsamehe mtu aliyekuja mwenyewe, kabla hujasikia kwa mwingine, akakuambia ni nini na alifanya nini, akakuacha uondoke kama ungetaka kuondoka. Ndiyo maana nadhani swali gumu kuhusu Platner haliko kwenye wino. Liko kwenye kujua: alijua nini, na alijua lini. Yeye anasema hakujua mpaka kampeni hii. Anasema pia aliingia Jeshi la nchi kavu baadaye, akakaguliwa mwili, na hakuna aliyemwambia kitu. Yule aliyemfahamu zamani anasema vingine. Mmoja wa wasaidizi wake wa juu alijiuzulu mwezi uleule. Katika nyumba yenu hakuna aliyekuwepo Split, na hakuna anayeweza kuamua jambo hili kwa kupaza sauti mezani.

Binti yako naye asichukuliwe kama mtoto aliyechochewa na simu. Fuvu hilo lina historia, na ni haki yake kuijua. Wapanda farasi wa mfalme wa Prussia walilivaa karne ya 18, ndiyo, lakini aliyelifanya litishe dunia ni Hitler. Watu wa SS walilivaa kwenye kofia zao, na kikosi kilicholinda kambi za mateso kilichukua jina la fuvu hilohilo. Wayahudi milioni sita waliuawa na utawala ule. Na kwa binti yako si mambo ya vitabuni tu. Aprili 2023 wafuasi wa Unazi waliandamana Portland, hapohapo Maine, mchana kweupe, mbele ya jengo la halmashauri ya jiji. Alikuwa msichana mweusi wa sekondari, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka hapo. Anapoikataa alama ile, anazungumzia barabara anazopita.

Tena hata walioumizwa moja kwa moja hawako upande mmoja. Seneta Bernie Sanders ni Myahudi, na ndugu wengi wa baba yake waliuawa Poland wakati ule, naye amebaki upande wa Platner akisema mtu huyo alipita kipindi cha giza. Wayahudi wengine, wanachama wa chama hichohicho, wanasema hawawezi kumpa kura mtu aliyebeba fuvu lile, awe alijua au hakujua. Ukiona watu wenye haki kamili ya kulalamika wanatofautiana hivyo, usishangae meza yako nayo ikigawanyika.

Hapo nije kwa kina mama wa kwaya, maana naona umelipita haraka na mimi limenishika. Uliwaambia "fuvu", wakacheka. Hawakukosea. Umewapa neno bila habari yake. Kwetu fuvu ni umeme, ni sumu ya panya, ni "usiguse". Mtafsiri akitoa neno peke yake na kuacha kilichofanywa chini ya alama hiyo, msikilizaji hajapata tafsiri. Wakikuuliza tena Jumapili, waeleze yote: nani walilivaa, waliua nani, Platner anasema nini, wanaompinga wanasema nini, na kwamba amelifunika. Waambie pia yale ya bakshishi, na kwamba aliomba radhi. Halafu wakikuuliza wewe unampigia nani, huna deni la kujibu. Wanawake waliovuka ziwa usiku na watoto mgongoni wana akili ya kuamua wenyewe.

Sasa siri. Hapa, mwanangu, nakuomba uende polepole sana.

Sababu ya kwanza ni kwamba siri si yako. Chale ziko kwenye mwili wa mume wako, na miaka ile mitatu ni yake. Ukimwambia binti yako bila yeye kuridhia, hata kwa nia njema, utakuwa umefanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakukufanyia. Sababu ya pili ni wakati. Ukiitoa sasa, katikati ya mabishano ya Platner, itageuka jiwe la kumnyamazisha binti. Atasikia: "Unaona? Nyamaza, baba yako naye alikuwa huko." Mtoto hawezi kuupokea uchungu wa baba yake vizuri akiwa anaupokea kama kipigo. Na huenda akabaki na msimamo uleule kuhusu Platner, akampenda baba yake, na wewe ukabaki umeduwaa kwa sababu ulidhani kimoja kingefuta kingine.

Sababu ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi mimi. Uliandika mwisho kabisa, kama mtu anayetupa neno mlangoni, kwamba hujui mume wako aliulizwa nini kwenye mahojiano. Sheria za uhamiaji za Marekani zina masharti makali kuhusu mtu aliyewahi kuwa na kundi lenye silaha. Kuwa mtoto aliyelazimishwa kunaweza kubadilisha mambo, na aliyesema ukweli wote tangu mwanzo hayuko sawa na aliyeficha, lakini jambo linaloonekana kuwa limefichwa kwenye fomu linaweza kufuatwa hata baada ya uraia. Sikutishi. Inawezekana alieleza kila kitu Kigoma na yakaandikwa yakaisha. Ila kabla ya chale hizi kutajwa mbele ya binti mwenye simu na marafiki, kabla ya kanisa, kabla ya mtu wa kampeni anayetafuta simulizi nzuri ya mkimbizi, mume wako aketi na wakili wa uhamiaji. Afanye hivyo mlango ukiwa umefungwa, na yale mazungumzo yabaki kati yake na wakili. Maine yapo mashirika ya msaada wa sheria kwa wahamiaji wenye kipato kidogo. Hili lisisubiri uchaguzi.

Kura yenyewe sasa. Uchaguzi wa mchujo ni tarehe 9 Juni 2026, una miezi ya kutazama. Kuna jambo moja la Maine ambalo huenda likakupa nafasi ya kupumua: tangu 2018 mnapanga wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili, kuendelea, na unaweza kumwacha bila namba usiyemtaka. Kwa hiyo kuna zaidi ya mlango mmoja. Binti yako naye akitoka chamani hajajifungia nje, maana tangu 2024 asiye na chama anaruhusiwa kuchagua karatasi ya chama kimoja na kupiga kura ya mchujo. Aulize tu ofisi ya karani wa jiji mapema, kabla tarehe za kubadili hazijapita.

Kila njia ina gharama yake. Ukimpa Platner, unamwamini katika jambo usiloweza kulithibitisha, na kama kuna jingine litakalofukuliwa baada ya Juni, Collins atafurahi. Ukimpa Mills, unampa mtu uliyemwona akitawala tangu 2019 na unayeweza kumpima kwa kazi yake, lakini anatimiza miaka 78 mwezi ujao, na kuna wapiga kura, mume wako mmojawao, wanaosema hasemi lugha yao ya kodi ya nyumba na bili ya hospitali. Kura ya maoni ya Chuo Kikuu cha New Hampshire iliyotoka Oktoba ilimweka Platner mbele kwa asilimia 58 dhidi ya 24, ila watu wengi waliulizwa kabla habari ya tatuu haijaenea. Na wanaokuambia "huyu ndiye atakayeshinda Novemba", waulize walisema nini 2020, pale kura za maoni zilipomweka Sara Gideon mbele na Collins akashinda bila kutetemeka. Ukitaka kupima, pima unachokijua kuhusu hao watu. Ubashiri uache.

Na hakuna atakayeiona karatasi yako. Umeandika kana kwamba utaipiga mbele ya mume wako na binti yako, kila mmoja ameshika bega lako. Pale kwenye kibanda utakuwa peke yako. Nchini tulikotoka wengi wetu hatukuwahi kupata hata dakika hiyo moja ya kuwa peke yetu. Mume wako ana haki ya kugawa vikaratasi vyake, binti yako ana haki ya kuhama chama, na wewe hulazimiki kumwambia yeyote kati yao.

Kinachonisumbua zaidi ya kura ni lile swali la kitandani, "na mimi je?", ambalo hukulijibu. Anasubiri bado. Usimjibu kwa habari za Platner. Mwambie ulichokiona wewe katika zile wiki tatu, ulipokuwa umekaa peke yako ukimlilia mjomba na kumwaza yeye. Labda hajawahi kusikia kwa nini ulirudi. Wanaume wengi wa aina yake hudhani walisamehewa kwa bahati. Na kama usiku unaendelea kumkatalia usingizi, daktari wenu wa kawaida ampeleke kwa mtu wa kumsikiliza. Platner mwenyewe amesema hadharani kwamba alihitaji matibabu baada ya vita. Hilo mume wako hataona aibu kuliiga.

Binti, nadhani, anarudi nyumbani Sikukuu ya Shukrani. Usipange mkutano wa familia. Mwombe akusaidie kutwanga sombe, ninyi wawili, na umwambie neno moja tu ambalo halifichui kitu: kwamba jioni ile maneno yake yalimuumiza baba yake kwa sababu ambayo siku moja huenda baba akamweleza mwenyewe, na kwamba hakuna anayemtaka abadili msimamo wake. Kisha umsikilize kuhusu mkahawa, na bakshishi, na anachoogopa akitembea usiku. Sikuona kwenye barua kama kuna aliyemuuliza.

Na kabla hajafika, usiku mmoja wadogo wakiwa wamelala, muulize baba yao jambo ambalo katika miaka yote hii pengine hakuna aliyemuuliza: angependa watoto wake waijue habari ya kifua chake, na kama angependa, waisikie lini, na kwa kinywa cha nani. Ukipata jibu niandikie, hata likiwa la mistari miwili.

Mama yenu wa ushauri, Novemba 2025